Mwalimu wa Visanduku na Mishale

Kila mtu ana neno moja analolitumia kama nyundo. La Mwalimu lilikuwa "Halafu?" Hakulipaza. Aliliweka mezani taratibu, penseli ikiwa imechomekwa sikioni, akakungoja. Ukimjibu, analirudia. Nimewaona watu wazima, wenye vitambi na magari, wakitokwa jasho mbele ya neno hilo moja kama wako kizimbani.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake hakuwahi kuutaja. Nilimjua kwa kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha kompyuta chuoni, akaacha, akakodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ruiru, akawa anawachorea watu kazi zao kwenye kompyuta. Si picha ya mtu akifanya kazi. Kazi yenyewe: inaanzia wapi, inapita kwa nani, inakwama wapi, inaishia wapi. Duara jembamba mwanzoni, visanduku katikati, mishale kutoka kimoja hadi kingine, na duara nene mwisho. Mahali pa kuamua, ndiyo au hapana, aliweka alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, akaiita njia panda. "Mstari usiofika kwenye duara nene," alikuwa akisema, "hiyo si kazi, ni ndoto." Mlinzi wa duka la chini alimwita Mwalimu, mwenye nyumba alimwita Mwalimu, nami sitamwita vingine.

Mimi nilipelekwa kwake na mguu.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Thika, upande wa kwenda Kiganjo. Siku moja nilikuwa natembea kati ya cherehani, nikasikia mafundi wanacheka. Mama Ciku, kiongozi wa washonaji, alikuwa ameshika kandambili yangu juu kama samaki. Ilinitoka mguuni nikaendelea kutembea bila kujua. Wengine walicheka; mimi nilitazama vidole vyangu kama vidole vya mtu mwingine. Daktari alisema mgongo umebana neva, nipasuliwe, nilale, nikae mbali na kazi, na nisipofanya hivyo upesi mguu huo utabaki pambo. Nikamwambia asubiri. Msimu wa kufungua shule ulikuwa unakuja, na pale karakana hakuna uzi uliokatwa bila mimi kuulizwa. Nikaahirisha. Nikaahirisha tena. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba, nenda kwa yule Mwalimu wa Ruiru. Kama anaweza kukuchora ukatoshea kwenye karatasi, labda utaweza pia kutoshea kwenye kitanda cha hospitali."

Mwalimu alinikalisha, akafungua laptopu yenye bawaba iliyofungwa kwa utepe wa gundi.

"Mteja akitaka sare, inakuwaje?"

"Ananipigia simu."

"Halafu?"

"Namwambia Wekesa akate." Wekesa ni fundi wetu wa kukata, mzee wa Magharibi aliyekuja Thika kufanya kazi ya kiwanda na akasahau kurudi.

"Wekesa anajuaje saizi?"

"Ananiuliza."

"Halafu?"

"Mama Ciku na wenzake wanashona."

"Rangi ya kola wanaijuaje?"

"Wananiuliza."

"Halafu?"

"Mwalimu, mbona unanihoji kama nimeiba ng'ombe?"

Akaigeuza laptopu nione. Katikati palikuwa na kisanduku kimoja, mimi, na visanduku vingine vyote vimekigeukia na mishale yao, kama nguruwe jike aliyelala ananyonyesha. Niliipenda ile picha. Nikamwambia, "Umeona? Nguruwe ni mimi. Bila mimi hakuna kitu."

"Nimeona," akasema. "Na daktari amesema nguruwe atalala hospitali mpaka lini?"

Nikauliza bei. Hiyo ndiyo dawa yangu nikibanwa.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kupatana. Nimewahi kupatana bei ya jeneza la shemeji yangu, mbele ya wafiwa, nikatoka na vishikio bora kwa bei ya vya kawaida, na marehemu mwenyewe angenishukuru. Kwa hivyo nilimuuliza Mwalimu hiyo programu ya kuchorea ameinunua kwa pesa ngapi.

"Bure."

Mtu akikuambia bure, rudi nyuma kidogo uangalie amesimama wapi. "Bure ya mwezi mmoja, halafu wanakufungia?"

"Bure."

"Halafu?" Nikamrudishia neno lake.

Akacheka, na sikumwona akicheka mara nyingi wakati wa kazi. "Ni programu huria. Walioitengeneza wameiacha wazi. Chukulia umenunua sketi, ukapewa pamoja na karatasi iliyokatiwa, ukaambiwa: ukitaka kuongeza mfuko, ongeza, ukitaka kumgawia jirani karatasi, mgawie."

"Huyo mwenye duka ana wazimu?"

"Hakuna duka."

Jambo hilo lilinikera kuliko mguu. Kitu kisicho na bei hakina pa kushika. Huwezi kukipunguza, huwezi kujifanya unaondoka ili uitwe. Afadhali yeye mwenyewe alikuwa na bei. "Programu ni bure," alisema. "Mimi si programu." Nilipomwambia apunguze hakukasirika wala hakuapa kwa jina la mamake kama wengine. Alisema tu, "Sawa. Chagua kisanduku nikifute." Nikaukagua mchoro kutoka kushoto kwenda kulia, nikaurudia kutoka kulia kwenda kushoto. Nililipa alichosema. Mpaka leo mke wangu haamini.

Alikuwa na uaminifu wa ajabu kwa watu asiowajua. Siku moja nikiwa palepale ofisini kwake, programu ilijifunga yenyewe alipokuwa anavuta mshale, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. "Ngai fafa!" akasema, akimwita Mungu kwa Kikikuyu, akasimama, akazunguka meza, akaketi. Nilidhani atatukana. Badala yake akaanza kuwaandikia wenye programu, kwa upole wa mtu anayemwambia jirani kwamba mbuzi wake ametoka: nilibonyeza hapa, nikavuta hivi, ikafunga hivi. Baadaye mmoja wao, mtu wa nchi ambayo hata yeye hakuwa na hakika nayo, akamjibu kwa shukrani, na kosa likarekebishwa. Kuna wakati alikuwa pia anawatafsiria maneno ya menyu kwa Kiswahili, na kubishana kwa barua pepe na mtu wa Dar juu ya kisanduku kiitwe kazi au jukumu.

"Unawafanyia watu usiowajua kazi bila malipo?" nikamuuliza.

"Wao walinifanyia kwanza."

Nilihesabu hiyo biashara kichwani nikitafuta nani amepunjwa. Nikahesabu tena. Hakuna.

Msidhani alikuwa mtu wa utaratibu. Hapo ndipo kichekesho kilipo. Mwanamke aliyejua karatasi ya mwenzake imekwama kwenye meza gani hakuwahi kujua funguo zake ziko wapi. Githeri yake ya mahindi na maharagwe iliungua kwa sababu alikuwa anamchorea mtu mwingine namna ya kusimamia hoteli. Alichelewa kila mahali, kwa sababu njiani alisimama kutazama foleni za watu: kwenye kituo cha mafuta, benki, kanisani wakati wa sadaka. Pale Ruiru wanakumbuka alivyoalikwa kwenye kamati ya harusi akaja amechelewa, akawasikiliza wakijisifu kwamba kila kitu kimepangwa, akafungua laptopu. "Chakula kinapikwa. Halafu?" Kinaliwa. "Kinafikaje kwenye hema?" Walikuwa na watu wa kuomba wa kutosha, wa kufungua, wa kufunga na wa kubariki keki, na hakuna hata mtu mmoja wa kubeba sufuria. Mshereheshaji alikuwa kisanduku kinachoelea pembeni, hakuna mshale unaoingia wala unaotoka. "Huyu hata asipokuja," Mwalimu akasema, "harusi haitajua." Jamaa alikuwa ameketi hapo hapo.

Kwa hivyo alikuwa na makosa, na kosa lake kubwa alilifanya kwangu.

Mchoro kama ule hugawanywa kwa kanda ndefu za kulala, kila mtu na ukanda wake, ili ionekane kazi gani ni ya nani. Vitabuni kanda hizo huitwa njia za kuogelea. Mwalimu alisema, "Nani anaogelea Thika?" Akaziita mashamba. Hili shamba la Wekesa, hili la Mama Ciku, hili la Bosi. Alifikiri amerahisisha. Mtu aliyesoma kuliko sisi sote, mkazi wa Kiambu, ambako watu hupelekana kortini kwa mashamba, akaingia kwenye karakana ya watu wazima na kuwagawia mashamba!

Alichapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, tukaubandika ukutani. Wekesa aliutazama akiwa amekunja mikono.

"Madam, hii shamba yangu mbona imekonda hivi? Ya Mama Ciku ni kama ya chifu."

"Yangu iko na visanduku mingi," Mama Ciku akasema. "Wewe kazi yako ni kukata tu."

"Kukata tu? Haya, shona bila kukatiwa nione. Utashona hewa."

Mwalimu akarudi Ruiru, akazivuta kanda mpaka zikalingana upana, akaleta karatasi mpya. Ikawa vita nyingine.

"Na ni nani alimpa ya juu?" Mama Ciku akauliza, mkono kiunoni. "Yeye amepewa ya barabarani, mimi nimetupwa huku chini kwa mto."

"Mama, hii ni karatasi," nikasema.

"Bosi, hata title deed ya shamba ni karatasi."

Wakaanza kulinda mipaka. Wekesa akikata, aliweka vitambaa ukingoni mwa meza yake, akasema shamba lake limeishia hapo. Mama Ciku alikataa kuvifuata, kwa sababu mshale ulionyesha vinakuja kwake, haukuonyesha yeye akienda kwa watu. Mafungu ya vitambaa yakalala sakafuni katikati ya meza mbili, na washonaji wakawa wanayaruka kama mtaro. Zamani ningeyabeba mwenyewe. Sasa mgongo ulikuwa hauinami, na ukiinama hauinuki. Nikamwambia mke wangu apige simu hospitali, tuahirishe tena.

"Mara hii piga wewe," akasema. "Mimi nimechoka kumdanganya daktari." Akampigia Mwalimu badala yake.

Mwalimu alifika amechelewa, bila shaka. Akaona vitambaa sakafuni, akaona kila mtu amesimama kwake, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Haki ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliwaambia mashamba." Kisha akafungua laptopu, akajaribu kuweka kisanduku kimoja cha makabidhiano juu ya mpaka, nusu kwa Wekesa na nusu kwa Mama Ciku. Programu ikakataa. Kila alipokiachilia, kiliruka upande mmoja. Akajaribu tena, kikaruka upande wa pili.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Hapana. Iko sawa kuliko mimi. Kazi ya watu wawili haina mwenyewe." Akamgeukia Mama Ciku. "Kwenu mpakani mmepanda nini?"

"Itoka." Ni lile ua la mpaka ambalo babu zetu walipanda, na ambalo mwenye akili haling'oi.

"Na mkisalimiana na jirani, mnasimama wapi?"

"Si ni hapo hapo kwa itoka?"

Akanigeukia mimi. Mnajua nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Wekesa akishakata, anahesabu. Mimi nahesabu tena. Mwalimu alikuwa ameshaniuliza kuhusu hesabu hiyo ya pili, kama nimewahi kupata tofauti. Nilimwambia sijawahi, na ni kwa sababu nahesabu. Alichukia visanduku visivyo na kazi, nilitarajia akifute. Siku hiyo akakichukua kisanduku changu cha kuhesabu, akakivuta polepole kutoka shambani mwangu, akakiweka mwanzoni mwa shamba la Mama Ciku.

"Wekesa anahesabu akiweka. Mama Ciku anahesabu akichukua. Bosi, umeondolewa hapo."

"Bila kuulizwa?"

"Ndiyo maana ya kuondolewa."

Tukaweka kimeza kati ya zile meza mbili, na Mama Ciku akaleta itoka kwenye mkebe wa rangi, akaliweka juu yake. Sitawaambia walipatana kwa upendo. Wekesa alihesabu kwa sauti ili asikike, na Mama Ciku akahesabu kwa sauti zaidi. Lakini vitambaa viliinuka kutoka sakafuni, na tangu siku hiyo sikuwahi kuviona hapo tena.

Bado sikuamini. Mwalimu akasema basi tujaribu. Akanikalisha kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na ngazi za karakana, iliyo ghorofani, akachukua simu yangu, akaitia kwenye mkoba wake. Mkoba ambao, nikakumbuka, umemeza funguo ngapi sijui. Tukakaa. Kila kitu kilikuwa kinaendelea kule juu bila mimi.

Kabla ya saa sita, muuza vitambaa akaleta gari la mizigo. Nikaona kitambaa cha rangi ya marooni kikipandishwa ngazi. Baada ya muda nikakiona kinashushwa.

"Wanakirudisha!" Nikasimama. "Mwalimu, wanarudisha kitambaa msimu huu!"

"Keti."

"Ningekipokea nimkate bei!"

"Najua. Kwenye mchoro kuna njia panda: rangi ni sawa na sampuli? Wamejibu hapana. Keti, mguu wako unatetemeka."

Nikaketi. Muuza vitambaa akanipita bila kuniona, akinung'unika kwamba huko juu siku hizi hakuna mtu wa kuongea naye, kuna karatasi tu. Alasiri alirudi na marooni iliyo sawa, bei ile ile. Nilikitazama kitambaa kikipanda ngazi, na kitu fulani kifuani mwangu, nilichokuwa nimekishika kwa miaka kama mtu aliyeshika pumzi, kikaachia. Nikamwambia Mwalimu anirudishie simu. Nilimpigia daktari.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, neno langu la kwanza lilikuwa, "Wamepiga?"

"Wekesa," mke wangu akasema. "Ameuliza kama umeamka."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Uliza vizuri."

"Lala, Baba."

Nililala. Sikumbuki usingizi mwingine kama ule.

Baada ya hapo mimi na Mwalimu tulionana mara chache. Alifunga chumba cha Ruiru, viganja vilikuwa vinamuuma kwa kuvuta mishale, akahamia Mugutha kufuga kuku. Juzi nikaamua kwenda kumwona. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake mwenyewe, akimsubiri fundi wa kufuli. Nyumba ilikuwa imefungwa, funguo ziko ndani.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Nyamaza, wewe."

Nikatoa karatasi niliyoikunja mfukoni. Siku hizi Mama Ciku ana kompyuta pale karakana, na ile programu ameiweka. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu ruhusa ilishatolewa na watu tusiowajua. Mchoro wanaubadilisha wenyewe. Mwalimu aliupokea, akaunyoosha gotini, akaufuata kwa kidole kutoka duara jembamba.

"Hii njia panda siijui. Nani kaiweka?"

"Wekesa. Ni ya watoto wanaokua kabla sare haijaisha kushonwa. Tunawapima tena."

"Na hiki?"

"Mama Ciku."

Akaendelea, kidole kikitambaa. Alifika kwenye duara nene, akarudi mwanzo. Nilidhani ataudhika, kwa maana hapakuwa na mstari hata mmoja alioacha yeye. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Michoro yangu mingi imekufa kwenye droo," akasema. "Wananilipa, wananishukuru, wanaifungia. Hii imepona." Akaitazama tena. "Na wewe je? Shamba lako liko wapi?"

Nikamwonyesha. Ukanda mwembamba chini kabisa, kwa mto, una kisanduku kimoja tu kilichoandikwa: Bosi aambiwe.

"Wamekunyang'anya?"

"Hapana, Mwalimu. Nimegawa nikiwa hai, na hakuna aliyenipeleka kortini."

Alicheka mpaka kuku wakakimbia. Fundi wa kufuli alipofika aliomba bei ya kichaa, na hiyo kazi Mwalimu aliniachia mimi. Nilimshusha mpaka akaniuliza kama mimi ni askari. Mlango ukafunguka. Tukanywa chai ya moto, yake ikapoa mkononi kama kawaida, akisoma ule mchoro.

Nilipoaga nilimwachia karatasi. Nikateremka ile njia ya mawe hadi barabarani, bila fimbo. Pale chini nikasimama, nikaitazama miguu yangu. Viatu vyote viwili vilikuwepo. Nikatazama tena.